Herufi Itende, Isipambe: Kutengeneza Bango la Methali kwa Maandishi Matupu

Wanafunzi wa grafiki karibu wote hupewa kazi hii wakati fulani: chukua neno, methali au sentensi moja, uieleze kwa herufi peke yake, bila picha. Kazi nyingi huharibikia mahali pamoja. Mwanafunzi hutafuta nomino iliyomo ndani ya sentensi, akaichora. Neno likiwa moto, herufi huota ndimi za moto. Likiwa damu, herufi hudondoka matone. Likiwa samaki, S hupewa mapezi. Hapo herufi imekuwa picha duni, na msomaji hakupata kitu kipya, kwa sababu alishajua kwamba moto unawaka.

Tafuta kitenzi. Jiulize ndani ya sentensi hii kuna nini kinachotokea: kitu kinapungua, kinajaa, kinasukumana, kinasubiri, kinajificha, kinachelewa? Kisha ufanye herufi nazo zipungue, zijae au zisukumane. Msomaji ataona tendo kabla hajamaliza kusoma. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja, na tutalifuata hadi mwisho kwa methali moja: Bandu bandu huisha gogo.

Kuchagua maandishi

Chukua maneno mawili hadi sita. Sentensi ndefu hukulazimisha kupunguza ukubwa wa herufi, na herufi ndogo haina nafasi ya kutenda chochote. Pili, chagua maneno yenye tendo au hali inayobadilika. "Elimu ni ufunguo" haina tendo. Utaishia kuchora ufunguo. "Haraka haraka haina baraka" inalo, "Haba na haba hujaza kibaba" inalo, na "Kidole kimoja hakivunji chawa" inalo.

Kiswahili kina hazina mbili ambazo wanafunzi wetu huzipita bila kuziangalia. Ya kwanza ni maneno yanayorudiwa: haraka haraka, pole pole, bandu bandu, haba na haba. Marudio yako tayari ndani ya lugha, na macho huyaona mara moja. Ukiyarudia kwa ukubwa uleule, msomaji anaona kitu kinachoendelea. Ukiyapunguza, anaona kitu kinachoisha au kinachokwenda mbali. Ukiyakuza, anaona mrundikano. Ukiyabananisha hadi yagusane, anaona pupa.

Ya pili ni tanakali za sauti: kimya jii, jaa pomoni, tumbukia chubwi, anguka pu, lala fofofo. Kama mwalimu ameruhusu uchague mwenyewe, anzia huku. Tanakali tayari ni sauti iliyogeuzwa neno, nawe unamalizia kwa kuipa umbo. Kwa "kimya jii", weka maneno hayo kwa pointi 18 kwenye A3 nzima, chini kidogo ya katikati, na usiweke kitu kingine chochote, hata jina lako (liandike nyuma ya karatasi). Kwa "chubwi", shusha neno hadi nusu yake ya chini ikatwe na ukingo wa chini wa bango. Hili linawezekana kwa sababu nusu ya juu ya herufi ndiyo inayobeba utambulisho mkubwa zaidi, na "chubwi" ina h na b zinazopanda juu. Ukijaribu hivyo kwa "pomoni" itakushinda: juu kunabaki vilima vya o, m, o, n vinavyofanana, na ni nukta ya i peke yake inayosaidia. Kwa hiyo, kabla ya kuamua kukata neno, liandike kwenye karatasi, ufunike nusu ya chini kwa rula, umwombe mtu asome.

Michoro midogo kwanza

Usifungue kompyuta bado. Gawa karatasi ya A4 kwa visanduku tisa vya sentimita 5 kwa 7, uwiano ambao ni karibu sawa na wa karatasi za A zote. Jaza karatasi mbili, yaani michoro 18, kwa kalamu nene ya wino (maka peni). Penseli hukuvuta kuchora mambo madogomadogo ambayo kwa wakati huu hayana kazi.

Kila kisanduku kibadilishe jambo moja tu: uzito wa herufi (unene wa mistari yake), au upana, au ukubwa, au nafasi kati ya herufi, au mwelekeo, au mahali neno lilipo kwenye ukurasa, au idadi ya marudio. Ukibadilisha matatu kwa pamoja hutajua ni lipi lililosaidia. Michoro mitano ya kwanza kwa kawaida huwa ni ile ambayo darasa zima litaleta. Kwa methali yetu, wa kwanza wao ni ule wa kuchora pete za mti ndani ya O ya GOGO, kwa kuwa O inafanana na kichwa cha gogo lililokatwa. Unavutia na hauna kosa la kiufundi, lakini unaonyesha gogo limekaa tu. Methali haisemi kuhusu gogo lililokaa. Inasema kuhusu gogo linaloisha kwa mapigo madogo mengi.

Mchoro tutakaoufuata ni huu: neno GOGO limerudiwa mara tano kutoka juu hadi chini, la juu zima, na kila linalofuata limepungua vibanzi zaidi. Chini kabisa vibanzi vyenyewe vinaonekana kama maneno: "bandu" moja kwa kila kibanzi kilichotoka. Mstari wa mwisho ni "huisha gogo".

Fonti moja, na isiwe "ya Kiafrika"

Tumia familia moja ya fonti. Fonti mbili zikikutana, msomaji huanza kusoma tofauti kati yake, na tofauti hiyo itasema jambo ambalo hukulikusudia. Kwa kazi hii tunapendekeza Archivo, inayopatikana bure kwenye Google Fonts kwa leseni huria. Ni fonti inayobadilika: uzito wake huenda kutoka 100 hadi 900 na upana kutoka 62 hadi 125, kwa hiyo ndani ya faili moja una herufi nyembamba, nene, zilizobanwa na zilizopanuka. Roboto Flex inafaa pia. Kwa programu tunatumia Inkscape, ambayo ni bure na inaonyesha vitelezi vya uzito na upana kwenye dirisha lake la maandishi na fonti.

Kuna fonti zinazouzwa kama zenye "ladha ya Afrika": kingo zilizochongwachongwa, mistari ya pundamilia, vijiti vya mianzi. Mama yao ni Neuland, ambayo Rudolf Koch aliitengeneza Ujerumani mwaka 1923 kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor. Baadaye wachapishaji wa nje waliizoea kwenye chochote kilichohusu Afrika au safari za porini. Ukiiweka kwenye methali ya Kiswahili unavaa vazi ulilokatiwa na mtu asiyekujua. Ukitaka herufi za kwetu, tazama kanga: jina lake huandikwa kwa kawaida kwa herufi kubwa, ndani ya mstatili ulio chini ya katikati ya mji (sehemu ya kanga iliyozungukwa na pindo), na linasomeka hata kitambaa kikiwa kimejikunja. Tazama pia maandishi ya mkono kwenye maduka, majahazi, daladala na matatu. Piga picha, chunguza mafundi walivyofanya nafasi ilipowaishia.

Kabla ya kukubali fonti yoyote, andika maneno mawili ya majaribio. La kwanza ni ng’ombe. Alama ya ng’ lazima iwe kile kikoma kilichopinda kinachokaa juu, si mstari ulionyooka wa kibodi. Kwenye Inkscape, ukiwa ndani ya maandishi, bonyeza Ctrl+U, andika 2019, kisha Enter. Kwa ukubwa wa bango alama hiyo huacha pengo linaloonekana kama nafasi ya neno, "ng’ ombe". Sogeza o irudi nyuma hadi pengo lifungwe. La pili ni sentensi ya herufi kubwa: TAYARI WAVUVI WATAVUA. Viambishi vyetu wa-, ya-, ta-, vya- hukutanisha herufi zenye mshazari kila mara, na T, V, W na Y zikikaa jirani na A huacha mashimo ya pembetatu. Kwa pointi 12 huyaoni. Kwa pointi 200 neno linakatika vipande. Weka kasa (kistari kinachomwekamweka unapoandika) kabla ya herufi ya pili, tumia Alt na mshale wa kushoto kuisogeza, na ufanye kazi kwa herufi tatu tatu: funika nyingine zote, angalia kama ya katikati inaonekana iko katikati, kisha songa mbele herufi moja. Ukimaliza, geuza neno juu chini. Likiwa halisomeki, jicho linaona nafasi tu.

Vipimo vya bango

Karatasi ni A3 ya wima, mm 297 kwa 420. Acha pambizo la mm 15 pande zote. Unabaki na eneo la mm 267 kwa 390. Mistari mitano ya GOGO, kila mmoja kimo cha mm 60, ni mm 300. Mapengo manne ya mm 5 ni mm 20. Zinabaki mm 70 chini kwa ajili ya "bandu" na "huisha gogo".

Andika GOGO kwa uzito 900 na upana 90. Pandisha ukubwa hadi kimo kifike mm 60 huku kufuli la uwiano kwenye upau wa juu likiwa limefungwa. Sasa soma upana wa neno zima. Ukiwa umezidi mm 267, shusha kitelezi cha upana wa fonti. Ukiwa haujafika, kipandishe. Usifungue kufuli ukavuta neno kwa pembeni. Kuvuta hunenepesha mihimili (mistari minene inayounda herufi) ya wima na kuacha ya mlalo ilivyo, hivyo O inatoka imevimba mbavuni na kukonda juu. Kitelezi cha fonti hakina tatizo hilo kwa sababu msanifu wa herufi alishachora mabadiliko yale mwenyewe.

G na O zote ni duara, na duara mbili zikikaribiana nafasi kati yake huonekana kubwa kuliko ilivyo. Zibane hadi zitengane mm 2 au 2.5 pale zinapokaribiana zaidi. Zisigusane: tukianza kukata, herufi zilizogusana zitaonekana kama doa moja jeusi.

Nakili mstari huu kwenye tabaka jingine, ulifiche na kulifunga. Hatua inayofuata inageuza maandishi kuwa maumbo, na ukishavuka hapo huwezi tena kurekebisha herufi wala kitelezi.

Kukata vibanzi

Chagua mstari, bonyeza Shift+Ctrl+C kuugeuza umbo, kisha Shift+Ctrl+G kutenganisha herufi nne. Chora pembetatu moja yenye kitako cha mm 14 na kina cha mm 8. Hiyo ndiyo bandu yako, na zote zitatokana nayo. Ziinamishe kwa pembe tofautitofauti, lakini usibadilishe ukubwa. Vibanzi vya ukubwa tofauti huonekana kama kitu kilichovunjika au kulipuka. Vya ukubwa mmoja huonekana kama mkono mmoja unaopiga bila kuchoka, na methali inazungumza juu ya mkono huo.

Vipimo hivyo vina sababu. Kwa kimo cha mm 60, weusi wote wa herufi nne nene ni karibu milimita za mraba 8,700, zaidi au pungufu kulingana na upana uliochagua. Pembetatu yetu ina milimita za mraba 56. Ukikata 120 umeondoa 6,720, yaani zaidi kidogo ya robo tatu, na gogo linaonekana kweli limeisha. Hitilafu tunayoiona mara nyingi ni vibanzi vidogo vichache, tuseme 40 vya mm 9 kwa 6. Jumla yake ni milimita za mraba 1,080, kama asilimia 12 tu ya weusi. Bango la namna hiyo linasema gogo limeguguniwa na panya. Piga hesabu ya eneo kabla hujaanza kukata, maana usiku wa kuamkia kuwasilisha hutakuwa na muda wa kukata upya.

Kina cha mm 8 nacho kimechaguliwa. Mhimili wa herufi kwa ukubwa huu una unene wa mm 16 hivi (pima wako), kwa hiyo pigo moja hufika nusu tu. Hakuna pigo moja linalokata gogo.

Idadi ziwe hivi: mstari wa kwanza hauna kibanzi, wa pili 30, wa tatu 60, wa nne 90, wa tano 120. Nyongeza iwe sawa kila mstari. Wengi hupenda kuanza pole pole na kumaliza kwa kasi kwa sababu inaleta msisimko, lakini msisimko huo unapinga methali. Kazi ya bandu bandu haina kasi ya mwisho.

Jambo la lazima: usikate kila mstari upya kutoka neno zima. Maliza mstari wa pili, unakili kwa Ctrl+D, ushushe mm 65, kisha ongeza vibanzi 30 juu ya vile vilivyokwisha kutoka. Jeraha lililopo mstari wa pili libaki palepale kwenye wa tatu, wa nne na wa tano. Ukikata upya kila mara, jicho litaona magogo matano yaliyopigwa tofauti, badala ya gogo moja lililopita katika muda.

Kwenye kila herufi, weka pembetatu saba au nane, kila moja iume mahali penye weusi na isilale juu ya nyingine, kwani eneo lililokatwa mara mbili huhesabika mara moja. Zichague zote, ziunganishe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, ongeza herufi kwenye uteuzi, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Kilicho juu hukata kilicho chini, kwa hiyo pembetatu lazima ziwe juu ya herufi. Usiporuka hatua ya kuunganisha hutapata shida; ukiiruka, programu inaweza kukataa kukata kwa sababu vitu ni vingi mno.

Sasa mahali pa kukata, ambapo ndipo kazi yote inapookolewa au kupotea. O ikikatika upande wa kulia inakuwa C. G ikipoteza ule ulimi wake wa mlalo nayo inakuwa C, na neno linageuka COCO. O ikifunguka juu inakuwa U, na GOGO inasomeka GUGU, ambalo ni neno halali kabisa na lina maana nyingine. Msomaji wa Kiswahili atalisoma hivyo bila kusita. Kwa hiyo fuata mpango huu:

1. Mstari wa pili: mapigo yote yaingie kutoka nje, upande wa kushoto na chini. Pasiwe na mhimili uliokatika.
2. Mstari wa tatu: ongeza mapigo kushoto na chini, pamoja na machache kutoka ndani ya tundu la herufi. Ruhusu mwanya mmoja kwa kila herufi, chini kushoto.
3. Mstari wa nne: upande wa chini unaweza kuondoka karibu wote. Juu pabaki pamefungwa. Ulimi wa G usiguswe.
4. Mstari wa tano: yabaki matao ya juu kulia na ndimi za G.

Mstari wa tano ukiwa peke yake hausomeki, na si kosa. Msomaji amekwisha kusoma neno mara nne, anajua ni nini kilichokuwa pale. Marudio yanakupa ruhusa ya kuharibu, na kadiri unavyoirudia herufi ndivyo unavyoweza kuiharibu zaidi bila kumpoteza mtu.

Huna kompyuta ya kutosha? Chapa mistari mitano mizima kwa rangi nyeusi, ukate vibanzi kwa wembe juu ya kipande cha kadibodi, kisha skani kwa dpi 300. Kata karatasi moja kwa kila mstari, ukianza na mapigo ya mstari uliotangulia kwa kufuatisha dirishani. Ukipiga picha kwa simu, simu ilale sambamba na karatasi, vinginevyo mistari itapanuka upande mmoja. Ndani ya Inkscape, Shift+Alt+B hugeuza picha kuwa maumbo. Ukingo wa wembe una ukali ambao pembetatu ya kompyuta haina, na kwa methali hii tunaupenda zaidi.

Vibanzi vinakuwa maneno

Chini ya mstari wa tano acha mm 10. Kisha andika "bandu" mara 120, herufi ndogo, Archivo ya uzito 400, pointi 11 kwa mistari ya pointi 14. Mistari sita ya maneno 20 inaenea karibu upana wote wa mm 267; ikizidi, shuka hadi pointi 10.5. Usitie koma. Usiilazimishe mistari ilingane pande zote mbili, kwani programu itapanua nafasi za maneno na kutengeneza mifereji myeupe inayoteremka katikati ya aya.

Hesabu iwe ya kweli: 120 juu, 120 chini. Atakuwepo mtu atakayehesabu, na akikuta zinalingana ataliamini bango lote. Acha mm 8, kisha "huisha gogo" kwa pointi 36, uzito 900, kuanzia pambizo la kushoto.

Bango sasa linasomwa kwa umbali wa aina mbili. Kutoka upande wa pili wa korido mtu anaona GOGO likiisha. Akikaribia hadi mkono ufike ukutani, anasoma bandu bandu bandu hadi huisha gogo. Usijaribu kuufanya mstari wa "bandu" uonekane kutoka mbali kwa kuukuza. Kumvuta msomaji hatua mbili mbele ni sehemu ya kazi.

Rangi? Nyeusi juu ya karatasi ya rangi moja inatosha. Kahawia ya mti ingekurudisha kwenye kuchora nomino.

Majaribio mawili

La kwanza: mwonyeshe mtu bango kwa sekunde tatu, ulifunike, umuulize maswali mawili kwa mpangilio huu. Imeandikwa nini? Kilikuwa kinafanya nini? Akijibu la kwanza na kushindwa la pili, umepanga maandishi tu. Akijibu la pili na kushindwa la kwanza, umekata mno, rudi kwenye mstari wa pili na wa tatu. Usimuulize mwanadarasa mwenzako, kwa kuwa anaijua kazi. Muulize mlinzi wa lango au mama ntilie wa karibu na chuo.

La pili ni kali zaidi. Chukua mpangilio wako uleule, ubadilishe maneno: weka KIBABA mahali pa GOGO, na "haba na haba hujaza kibaba" mahali pa methali yako. Likiendelea kupendeza na kuleta maana ileile, mpangilio wako ulikuwa pambo. Kwa bango hili jaribio linatoa jibu safi: kibaba kinachopungua kila mstari ni uongo mtupu mbele ya neno "hujaza". Ili iwe kweli ungelazimika kugeuza kila kitu, mstari wa juu uwe mtupu na wa chini umejaa.

Fanya jaribio hilohilo kwa michoro mingine. Kwa "haraka haraka haina baraka", wengi hulaza herufi. Nyuzi 12 hadi 15 zinaonyesha mwendo. Zikipita 20 herufi zinaonekana zinaanguka, na hapo unasema jambo jingine. Tatizo ni kwamba mlalo unaeleza nusu ya kwanza peke yake. Iko wapi "haina baraka"? Jaribu kubana "haraka haraka" hadi herufi zipandane na nyingine zipotee, kisha "baraka" ifike ikiwa na herufi pungufu, zilizomezwa na pupa ya mwanzo.

Kuchapa na kuwasilisha

Geuza maandishi yote kuwa maumbo, hata ya "bandu", kisha hifadhi PDF. Kompyuta ya steshenari haina Archivo, na ikiikosa itaweka fonti yoyote iliyo nayo bila kukuuliza. Chapa kwanza nakala moja ya A4 kwa asilimia 71 ili uone weusi ukoje: wino ukikaribia kuisha, maeneo makubwa meusi hutoka na michirizi ya kijivu, na GOGO la kwanza linaonekana tayari limechakaa. Ikitokea hivyo, nenda duka jingine. Omba mashine iwekwe kwenye nyeusi na nyeupe, kwani kwa mfumo wa rangi, nyeusi inaweza kuchanganywa kutokana na rangi nyingine na kutoka na ukahawia. Sisitiza ukubwa halisi wa asilimia 100. Chaguo la kulifanya bango litoshee karatasi hupunguza vipimo vyako kimyakimya. Karatasi ya gramu 80 hujikunja kwa wino mwingi na huonyesha ukuta nyuma yake. Omba ya gramu 120 hadi 160.

Walimu wengi hutaka maelezo mafupi yanayoambatana na bango. Yasizidi maneno 100, na kila sentensi iunganishe uamuzi wa umbo na neno la methali. Epuka "nimetumia herufi nene ili kuvutia". Mfano unaokubalika: "Vibanzi vyote 120 vina ukubwa mmoja kwa sababu bandu ni tendo moja linalorudiwa. Kila mstari umepoteza 30 zaidi, pasipo kuongeza kasi. Kina cha kibanzi ni nusu ya mhimili, hivyo hakuna pigo moja linalokata. Kila kibanzi kilichotoka kimeandikwa chini kama neno, ili msomaji aone kilichopungua juu kimekwenda wapi." Ukishindwa kuandika sentensi kama hizo kuhusu sehemu fulani ya bango, ondoa sehemu hiyo.

Tundika bango katikati yake ikiwa sentimita 150 kutoka sakafuni, mahali ambapo mtu anaweza kusimama mita tatu nyuma na pia kusogea hadi ukutani. Kwenye ubao wenye mabango mengi, omba nafasi ya mwisho wa safu. Likiwa katikati, watazamaji hukosa pa kurudi nyuma na watasoma "bandu" pekee.